Wimbo Ambao Hawajausikia

Katika usaili wa tamthilia za nyimbo, kijana hupewa takriban dakika moja. Anaingia chumbani, anamkabidhi mpiga piano karatasi za nota, anamwonyesha pa kuanzia na pa kukomea, anamwambia kwa sauti ya chini kasi anayoitaka, kisha anasimama katikati ya sakafu mbele ya watu watatu au wanne waliokaa nyuma ya meza. Kwa kawaida haimbi wimbo mzima. Anaimba vipimo 16 au 32 vya muziki, basi. Hao waliokaa wamesikiliza vijana tangu asubuhi, na vijana wengi wamewaletea nyimbo zilezile. Ndiyo maana walimu wa fani hii huwasisitizia wanafunzi wao walete wimbo mpya. Insha hii inahusu neno hilo, "mpya", na wiki nilizokaa nalo nikiwa likizoni nyumbani Baraka.

Aliyeniletea neno hilo ni mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo. Kwa wasomaji wasioijua Baraka, ni mji wa eneo la Fizi, Kivu ya Kusini, kando ya Ziwa Tanganyika, milima ya Mitumba ikiwa mgongoni na rasi ya Ubwari mbele yake. Vita vya 1996 viliwavusha watu wetu wengi hadi Kigoma, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa mwaka huohuo upande wa Kasulu. Mimi na mdogo wangu tulizaliwa huko. Mwaka 2005 meli zilianza kuwarudisha wakimbizi Baraka, na wazazi wangu wakarudi baada ya muda. Mama mdogo alibaki. Mwaka 2016 familia yake ilipelekwa Marekani, mji wa Louisville katika jimbo la Kentucky, mdogo wangu akiwa na miaka kumi na mmoja. Sasa ana kumi na minane, sauti yake imetulia kwenye tenori, na anaomba nafasi katika chuo kinachofundisha uigizaji wa kuimba. Chuo kinataka nyimbo mbili zinazotofautiana. Ule wa kuchekesha aliuchagua mwenyewe kwa siku moja, wala hakuniuliza. Uliomshinda ni ule mwingine.

"Yaya," aliniambia kwa ujumbe wa sauti, "unitafutie wimbo moja yenye hawajasikia. Wewe unasomaka mambo ya luga."

Alichekesha, lakini alikuwa na hoja. Majaji wa tamthilia ya nyimbo hawapimi koo peke yake. Wanataka kuona kama mwimbaji anajua anasema nini, anamwambia nani, na kwa nini maneno ya kawaida hayakumtosha hata akalazimika kuimba. Hayo ni maswali ya kitivo chetu.

Tulianza na nyimbo alizokatazwa. Walimu wake walikuwa na orodha, na nilipozisikiliza moja moja niliona mantiki yake. "Corner of the Sky", kutoka tamthilia Pippin ya 1972, ni wimbo wa kijana anayetafuta mahali pake duniani. Umeimbwa na wavulana wengi kiasi kwamba jaji anaweza kuumalizia kichwani kabla ya mwimbaji kuvuta pumzi ya pili. "Empty Chairs at Empty Tables" wa Les Misérables, ambamo Marius anawalilia wenzake waliouawa kwenye vizuizi vya barabarani, una hatari nyingine: kila msikilizaji ana sauti fulani mashuhuri anayoikumbuka, na kijana anashindanishwa nayo bila kujua. "Waving Through a Window" wa Dear Evan Hansen, tamthilia iliyofika Broadway mwaka 2016, ulichakaa ukiwa bado mchanga kwa sababu kila kijana wa rika lake aliona umeandikwa kwa ajili yake.

Basi tukageukia orodha za nyimbo adimu. Mtandaoni zimejaa, na zina kasoro iliyo wazi. Wimbo adimu uliopendekezwa kwa watu elfu si adimu tena, na wote elfu wataingia nao chumbani wakiamini wako peke yao. Tena nyimbo nyingi adimu zimekuwa adimu kwa haki: ni dhaifu, au zilikuwa za tamthilia iliyofungwa haraka, au maneno yake hayaeleweki mpaka mtu asimuliwe kisa kizima. Dakika moja haina nafasi ya kusimulia kisa.

Wakati huo nilianza kutumia kipimo kidogo nilichokipata katika sarufi yetu. Kiswahili kina bahati ya kubeba msemaji na msemeshwa ndani ya kitenzi kimoja. "Nakungoja": ni mimi, ni wewe, na ni jambo linalotokea kati yetu, vyote katika neno moja. Nilimwambia mdogo wangu auchukue kila wimbo anaoufikiria na kuufupisha uwe kitenzi kimoja chenye kiambishi cha mimi na kiambishi cha wewe. Nakuomba. Nakukataa. Nakusihi usiende. Wimbo usiokubali kufupishwa hivyo huenda ni mzuri sana, lakini katika chumba cha usaili mwimbaji atabaki akiupamba kwa mikono na macho, kwa kuwa hana mtu wa kumwambia.

Kipimo hiki kilitufundisha jambo ambalo sikulitarajia. Zile nyimbo zilizochakaa, nyingi zake zinafaulu. Marius anawaambia marafiki zake waliokufa: nawaomba mnisamehe. Evan yuko nyuma ya kioo, na kitenzi chake ni cha kupunga mkono: nakupungia, je, unaniona? Hazikuchakaa kwa ubovu. Zilichakaa kwa sababu zinafanya kazi, na watu hawakanyagi njia isiyofika popote. Kwa hiyo kukimbia kilichochakaa hakutoshi. Mtu anaweza kukimbia wimbo mzuri uliozoeleka akaangukia wimbo mbovu usiojulikana, na majaji wakamsikiliza kwa udadisi kwa sekunde kumi, kisha kwa adabu tu.

Kulikuwa na ushauri mwingine, na huu ulikuwa mgumu zaidi kwa sababu ulitolewa kwa nia njema. Mtu mmoja aliyemfundisha alimwambia kwamba upya wake yeye anao tayari, ni historia yake. Aimbe Afrika, au aimbe safari ya ukimbizi. Wimbo uliotajwa kwanza ulikuwa "Endless Night" kutoka The Lion King, tamthilia iliyofunguliwa Broadway Novemba 1997. Ni wimbo wa Simba akiwa kijana, usiku, akimwita baba yake aliyekufa. Kwa kipimo chetu unafaulu kabisa: nakuita, uko wapi? Tena mhusika ni wa umri wake, na sauti yake inaufikia.

Nilitega sikio nisikie atasemaje. Alisema, "Yaya, miye siko Simba."

Nimelifikiria jibu hilo sana. Mtoto wa Baraka akiingia katika The Lion King anakuta majina anayoyajua: Simba, Rafiki, Pumbaa. Anakuta hata msemo maarufu wa kutokuwa na matata, ambao kwetu hausikiki vile watalii wanavyousikia. Katika Kiswahili cha Kongo matata ni kesi, ni ugomvi, ni mtoto mkorofi ambaye jirani amekuja kumshtaki jioni. Yaani lugha ni yake, lakini imevaliwa na mtu mwingine na kurudishwa kwake kama zawadi. Anatakiwa ashukuru. Mdogo wangu hana ugomvi na tamthilia hiyo, ameiona na ameipenda. Alichokataa ni kwamba yeye akisimama mbele ya majaji, jambo la kwanza kutegemewa kwake liwe mwana wa mfalme wa nyikani, na la pili liwe mtoto wa kambi. Vijana wenzake waliozaliwa Louisville wanaruhusiwa kuimba kuhusu mapenzi, aibu, wivu, kuchelewa basi. Kwa nini yeye aombwe machozi?

Hapa ndipo dau lilipokuwa, na lilizidi nafasi ya chuo. Lilikuwa swali la nani atamwambia yeye ni nani kabla hajafungua kinywa.

Kwa kuwa alikuwa amesema "wimbo yenye hawajasikia", nilijaribu pia kutafuta nyumbani. Si kweli kwamba tamthilia ya nyimbo ni mali ya Broadway na London tu. Uganda ilikuwa na Oluyimba lwa Wankoko, kazi ya Byron Kawadwa kwa Kiganda, yenye muziki wa Wassanyi Serukenya. Ilipelekwa kwenye tamasha la FESTAC mjini Lagos mwaka 1977, na mwaka huohuo Kawadwa akakamatwa na kuuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Kenya ilikuwa na Maitũ Njugĩra ya Ngũgĩ wa Thiong'o na watu wa Kamĩrĩĩthũ, tamthilia iliyobebwa na nyimbo, ambayo mwaka 1982 ilizuiwa isionyeshwe katika Kenya National Theatre. Watu waliijaza kumbi ya Chuo Kikuu cha Nairobi kutazama mazoezi tu, mpaka mazoezi nayo yakapigwa marufuku. Kwa Kiswahili cha Tanzania tuna Lina Ubani ya Penina Muhando. Na upande wetu wa Kongo kulikuwa na kundi la Mufwankolo la Lubumbashi, lililoigiza kwa Kiswahili cha Shaba, ambalo Johannes Fabian aliliandikia kitabu kilichotoka mwaka 1990.

Nilimsimulia mdogo wangu yote hayo, naye akasisimka. Kisha akauliza swali la mtu aliyewahi kusimama karibu na piano: nota ziko wapi?

Sikuzipata. Katika vitabu vya tamthilia vya Kiswahili nilivyowahi kuvishika, wimbo unapofika mwandishi anachapa maneno yake kwa herufi za mlalo, na sauti yake haimo. Mwongozo hudhani kwamba waigizaji wataijua au wataitunga. Kwa hadhira ya Dar es Salaam au ya Limuru hilo halikuwa tatizo, kwa kuwa wimbo uliishi katika miili ya waliouimba. Lakini mpiga piano wa Kentucky ambaye hajawahi kukuona, na ambaye ana sekunde tano za kuisoma karatasi yako, anahitaji wino. Wimbo usio na wino kwake haupo.

Tulifikiria pia kwaya. Baraka ni mji wa kwaya. Jumamosi alasiri ukipita kati ya makanisa yetu unasikia nne, tano, zikifanya mazoezi kwa wakati mmoja, kila moja na gitaa lake na kinanda chake cha betri, na vijana wa sauti za juu wakigombania sehemu ya kutangulia. Mama mdogo alitaka hilo. "Aimbe wimbo wa Mungu," alisema, "ule hawajausikia kweli." Alikuwa sahihi kuhusu upya. Lakini nilipoziweka nyimbo za kwaya tuzipendazo kwenye kipimo, karibu zote zilisema "sisi": tunakusifu, tunakuja, tutafika. Uzuri wake uko hapo, kwamba mwimbaji anajificha ndani ya wenzake na wote wanabebwa. Majaji wa usaili wanatafuta kinyume chake, mtu mmoja aliyeachwa peke yake na haja yake. Ukimtoa mwimbishaji mbele ya kwaya yake na kumsimamisha peke yake kwa dakika moja, unamnyima kile kilichompa nguvu.

Wimbo wenyewe ulikuja kutoka mahali ambapo hakuna kati yetu aliyekuwa akitazama. Nilikuwa nikisoma kuhusu mkutano wa waandishi wa Kiafrika uliofanyika Makerere Juni 1962. Wanafunzi wa kitivo wanaukumbuka kwa sababu ya malalamiko ya Ngũgĩ, kwamba Shaaban Robert hakustahili kualikwa kwa kuwa aliandika kwa Kiswahili. Mmoja wa wageni alikuwa mshairi Mmarekani mweusi Langston Hughes. Nikafuatilia kazi zake nikakuta kwamba mwaka 1947 maneno yake yaliimbwa Broadway katika Street Scene, muziki ukiwa wa Kurt Weill, kutokana na tamthilia ya Elmer Rice ya 1929. Weill alikuwa Myahudi aliyeikimbia Ujerumani mwaka 1933 na kufika Marekani mwaka 1935. Yaani mkimbizi. Na mkimbizi huyo, alipopata jukwaa kubwa la nchi iliyompokea, aliandika juu ya jengo moja la wapangaji New York wakati wa joto kali. Humo mna Wataliano, Waswidi, Waairishi, Wayahudi, wanaosengenyana ngazini na kusikilizana kupitia kuta.

Katika jengo hilo anaishi Sam, kijana msomi anayempenda jirani yake aitwaye Rose. Usiku anabaki peke yake na kuimba "Lonely House". Sitanukuu maneno yake. Kiini chake ni kwamba nyumba imejaa watu, anasikia kila sauti yao, na hana hata mmoja. Umeandikwa kwa tenori. Waimbaji wa opera wanaujua vizuri, lakini hatukuukuta katika orodha za nyimbo zilizochakaa wala katika zile za nyimbo adimu. Maneno yake ni mepesi, ya mtaani, kila moja linaweza kusemwa na mtu aliyechoka.

Nilimtajia pia kwamba katika jengo hilo yumo Mmarekani mweusi, Henry, mtunza jengo, na ana wimbo wake mzuri. Akausikiliza, akasema ni wa mwanamume mwenye mke na sauti nzito zaidi. Alimtaka Sam. Kanuni ya umri ni ya kweli katika usaili: kijana wa miaka kumi na minane akiimba majuto ya mzee, majaji wanaona nguo kubwa kuliko mwili. Sam ni wa rika lake. Kwamba Sam ni Myahudi wa New York halikumsumbua hata kidogo, na mimi nilifurahi halikumsumbua.

Kilichobaki ni tafsiri, na hapa kitivo kikafanya kazi yake. Hatukutafsiri ili aimbe kwa Kiswahili. Hilo lina mtego unaojulikana. Kiingereza hupenda kufunga mstari kwa silabi nzito. Jina la wimbo lenyewe lina silabi tatu, na ya mwisho ndiyo nzito. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ukilazimisha "nyumba pweke" juu ya muziki huo, noti ndefu inaangukia kwenye -ke, na mtu wa Baraka anasikia neno lililoteguka mguu. Waliokulia kanisani na tenzi zilizotafsiriwa wanaijua hali hiyo, ingawa mazoea yameifunika. Kwa Kibembe, lugha ya wazee wetu, mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa kina toni, na muziki ukipanda pale neno linaposhuka unaweza kujikuta umesema jambo jingine.

Kwa hiyo tulifanya tafsiri ya kusema tu. Aliimba kwa Kiingereza, lakini kabla ya kila mazoezi aliyasema maneno yote kwa Kiswahili cha nyumbani, polepole, kama anayezungumza na mtu mezani. Neno la kwanza tu likatukwamisha: "upweke". Nililiandika bila kufikiri, ni neno la vitabuni. Mama mdogo, aliyekuwa akisikiliza simu ikiwa kwenye spika jikoni kwake, akatukatiza.

"Nyumba haiwezi kuwa na upweke," alisema. "Ni mutu ndiye anabakiaka peke yake. Nyumba iko nyumba."

Mdogo wangu akamweleza kisa: jengo la wapangaji, kuta nyembamba, unasikia watu wote na huna wa kuongea naye. Simu ikanyamaza kidogo. Nilisikia maji ya bomba yakifungwa.

"Aa," mama mdogo akasema. "Ile njo nyumba yetu ya kwanza hapa."

Akatusimulia. Nyarugusu ukuta ulikuwa turubai na matope, na jirani akikohoa usiku ulimpa pole palepale ukiwa umelala, naye akajibu. Walipofika Louisville waliwekwa katika ghorofa ambalo kuta zake nazo zilikuwa nyembamba. Walisikia televisheni ya upande huu, mtoto wa upande ule, mtu akipanda ngazi kila siku saa kumi alfajiri kwenda kazini. Kwa miezi kadhaa hakuna aliyebisha hodi, na yeye hakujua kama inaruhusiwa kubisha. Kijana wake, alisema, alikuwa akikaa sakafuni karibu na ukuta akisikiliza.

Mdogo wangu hakuwa amewahi kunieleza hilo. Wote waliomtaka aimbe historia yake walikuwa wakimwelekeza kambini, kwenye vita, kwenye ziwa. Upweke wake ulianzia mahali pengine, baada ya safari kwisha, ndani ya nyumba yenye umeme na maji, katika nchi ambayo kila mtu alidhani amefika salama. Hilo hakuna aliyekuwa amemwomba aliimbe. Na mama yake, aliyetaka wimbo wa Mungu, ndiye aliyempa ufunguo wa wimbo wa dunia. Tangu siku hiyo hakuupinga tena. Aliuliza tu kama mavazi yatakuwa ya heshima.

Katika tafsiri yetu neno "upweke" tukalifuta. Mahali pake tukaweka maneno ya mama mdogo: "nimebaki peke yangu, nyumba imejaa." Kisha tukakata vipimo. Wimbo mzima ni mrefu mno, na sehemu za juu zinamjaribu hata tenori aliyekomaa, hivyo kishawishi ni kuchukua mwisho ili kuonyesha sauti. Alichagua sehemu ambayo Sam bado anasikiliza, na akabakiza kilele kimoja tu. Nadhani alichagua vizuri. Majaji wataijua sauti yake katika noti mbili. Wanachohitaji kukiona katika muda uliobaki ni mtu anayesikiliza ukuta.

Kikabaki kitenzi. Wimbo huu kwa juu juu hauna "wewe". Sam anaongea na usiku. Lakini tunajua kuna Rose, na mtu asiye na wa kungoja hakai macho hivyo. Kitenzi ni "nakungoja". Nikamwuliza mdogo wangu: yule wa kwenye -ku- ni nani? Nilimwambia asinijibu "Rose", kwa sababu Rose ni wa Sam.

Alikaa siku mbili kimya. Mtandao wa Baraka una tabia zake, na simu yangu ilikuwa kwenye kibanda cha kuchaji, kwa hiyo sikujua kama ni kimya cha kijana au cha mitambo. Kisha ukaja ujumbe wa sekunde nane. "Yaya, jina iko. Lakini ile siwezi kukuambia." Baada yake akatuma rekodi ya wimbo, na nilisikia tofauti kabla ya mstari wa kwanza kwisha. Hakuwa ameongeza chochote. Alikuwa ameacha kuimba kwa kila mtu.

Sasa naweza kusema ninachofikiri juu ya neno "mpya". Upya hautoki katika orodha, kwa kuwa orodha ni ya wote. Hautoki katika uchache wa waliousikia wimbo, wala katika rangi au mahali alikozaliwa mwimbaji, ingawa watu wema watamsukuma huko. Unatoka pale kiambishi kidogo cha -ku- kinapopata mtu halisi ambaye mwimbaji mwingine hawezi kuwa naye. "Corner of the Sky" yenyewe inaweza kuwa mpya hivyo, japo itabidi ipigane na majaji waliochoka. "Lonely House" ilimpunguzia vita hiyo, hayo tu ndiyo niliyomtafutia. Mengine aliyatafuta mwenyewe.

Lakini swali lake la nota halijaniacha. Kuna siku kijana mwingine wa Baraka, Uvira au Kalemie atataka kusimama mbele ya meza ya namna hiyo na kuimba kwa lugha yetu, wimbo unaosema "mimi" na "wewe", na ambao Kiswahili chake hakikuteguka. Tunazo tamthilia, tunao watunzi, na katika kitivo hiki wamo watu wanaoweza kuhesabu mkazo wa kila neno. Kinachokosekana ni karatasi. Kabla ya likizo kwisha nilikaa na mwalimu wa kwaya mmoja wa mtaani kwetu, anayejua kuandika nota, tukachukua mazungumzo mafupi ya kijana na msichana niliyoyaandika kwa ajili ya darasa la tamthilia. Alipokuwa akitafuta sauti kwenye kinanda, mimi nilikuwa nikigonga meza kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kila aliponiwekea noti ndefu mahali pasipofaa, nilikataa, naye akafuta. Hadi sasa tuna vipimo 20 kati ya 32. Mwenye sauti na muda anakaribishwa.